Chaja Iliyokuwa Yako

Kwako Tusekile,

Salamu naziruka, kwa sababu asubuhi tumesalimiana na jioni tutasalimiana tena utakaporudi kutoka Ngana kumuaga bibi yako. Nimefunga duka saa nane mchana. Yule jirani muuza sahani amekuja kuniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, naandika barua, akaniangalia kana kwamba nimesema nakwenda kucheza mpira. Mvua inapiga bati kwa nguvu, kiasi kwamba hata ungekuwa unasikia tusingesikilizana. Hapa Mbugani leo wote tuko kama wewe.

Kesho unaondoka kwenda Dodoma kusomea kuchora ramani. Mambo ya safari siyaandiki. Shangazi yako amekwisha kukueleza vyeti uviweke wapi, usinunue nini dirishani mwa basi, na nani atakupokea stendi. Amekueleza kwa mikono, kwa mdomo na kwa ukurasa mzima wa daftari, na akikuona jioni ataanza upya. Mimi nataka kukuandikia juu ya chaja.

Najua hapo umetabasamu. Umesema moyoni, huyu mzee hata siku ya kuagana na mwanawe anauza tu. Lakini soma mpaka mwisho, usirukeruke kama unavyofanya kwenye magazeti.

Katika mfuko wa pembeni wa begi lako nimeweka kichwa cha chaja cheusi, waya mfupi mnene, na kile kipimo changu chenye kioo cha namba, ambacho ulipokuwa mdogo ulidhani ni saa. Kichwa kile kinatoa wati arobaini na tano za kweli, na arobaini na tano ndizo nyingi kuliko zote ambazo kishikwambi chako kinaweza kupokea. Kikiwa kimeisha kabisa, ukikipa nusu saa tu utapata chaji ya kukutosha vipindi vya asubuhi.

Wateja wangu wote wanataka namba kubwa. "Nipe ya wati mia," wanasema, kama wanapimiwa mchele. Hawajui kwamba chaja haisukumi umeme ndani ya kifaa. Kifaa ndicho kinachoomba, kichwa kinajibu ninao au sina, na waya ndio unaobeba maongezi yao. Wasipoelewana wanashuka mpaka kiwango cha chini kabisa, kile cha simu za zamani, volti tano, na hapo hata kichwa kiwe kimeandikwa wati mia mbili, chaji itaingia kwa kudondoka. Kwa hiyo usihangaike na namba iliyochapwa ubavuni kwa rangi ya dhahabu. Kigeuze kichwa, tafuta yale maandishi madogo ya kijivu yanayokuchosha macho, uone kama kuna volti tisa na kama kuna herufi PPS, maana bila hizo kishikwambi chako hakiendi mwendo wake. Waya uwe wa ampea tano. Na kichwa chenye matundu mawili usichangie na mtu ukiwa na haraka, kwa sababu rafiki yako akichomeka simu yake upande wa pili mnagawana.

Halafu usiniamini. Chomeka kipimo katikati, usome namba mwenyewe, kila mara, hata kwa hiki nilichokupa mimi. Hasa kwa hiki nilichokupa mimi. Sababu yake ndiyo barua yenyewe, na nimeanza na wati na volti kwa kuwa hayo nayaweza na haya mengine siyawezi.

Ulikuwa na miaka kumi na moja homa ya uti wa mgongo ilipokuachia uhai ikakuchukulia masikio. Ulipotoka hospitali tulikupeleka Matema ufukweni upunge hewa. Ukaingia majini mpaka magotini, mawimbi yanapasuka mbele yako, ukageuka ukamuuliza mama yako kwa sauti kubwa usiyoijua ukubwa wake: "Mama, ziwa wamelizima?" Mama yako alicheka, sijui ni kwa sababu lilikuwa swali la kuchekesha au kwa sababu alikataa kulia mbele yako. Mimi nilikwenda kununua samaki ambao hatukuwa tunawahitaji. Ndivyo nilivyo, Tuse. Jambo likinizidi kimo natafuta kitu cha kununua au cha kuuza.

Ulipopelekwa shule ya viziwi, kila likizo ulirudi na alama mpya, na mama yako alikaa nawe jikoni akijifunza moja moja huku mnapepeta mchele. Mimi nilijifunza nne: kula, njoo, hela na lala. Nimekulea kwa maneno manne, mengine nikamwachia yeye. Na yeye alikuwa na njia yake nyingine pia. Alisema nawe Kinyakyusa bila sauti, polepole, kwa midomo na nyusi na mashavu, na wewe ulimsoma kama ubao. Mimi mtoto wa mtu wa Kilwa aliyekuja kuuza vitambaa huku, Kinyakyusa changu ni cha kusalimia na kupunguza bei. Mlipokuwa mnazungumza vile, nilikuwa mgeni ndani ya nyumba yangu, na badala ya kujifunza nikanuna.

Basi mama yako alipouza kakao ya shamba lake la Ngana akakununulia kishikwambi chenye ile programu ya kugeuza maneno kuwa maandishi, aliyefurahi kuliko wote nilikuwa mimi. Sasa ningeweza kuongea nikiwa nimekaa, nikiwa nakula, nikiwa sikuangalii. Mama yako hakukipenda sana. Kinyakyusa hakikijui kile kidude, kwa hiyo mbele yake ilibidi aseme Kiswahili cha darasani, amekaa wima kama anahojiwa na afisa. Tulimcheka wote wawili. Alikuwa anajitahidi kwa ajili yako, na mimi nilikuwa nakitumia ili nisijitahidi. Mpaka leo ukiniuliza kosa langu la kwanza ni lipi, nitakutajia hilo, hata kabla ya hili ninalokuja kulieleza.

Sasa nikufungulie duka. Chini ya kaunta, hapa miguuni pangu, kuna maboksi mawili. Chaja zikija kwa katoni, zote zinafanana, zote zimeandikwa ni za kasi. Nikipata nafasi nazipitisha kwenye kipimo. Zinazotoa kilichoandikwa, nazo ni chache, zinaingia boksi la kulia. Zinazotoa volti tano za uvivu zinaingia la kushoto. Mtu anayejua kuuliza anapewa ya kulia. Mtu wa kutoka mbali, mkulima aliyeuza kakao yake na ana haraka ya kupanda gari, anapewa ya kushoto. Tunamjaribishia kwanza, ndiyo desturi ya maduka yote ya mtaa huu. Unachomeka simu yake, alama ya radi inatokea kwenye betri, unamwonyesha: "Umeona? Inaingia." Naye anaridhika. Hakuna anayeuliza inaingia kwa mwendo gani. Nimesema "inaingia" miaka kumi na mitano, na kila mara lilikuwa neno la kweli, hapo ndipo palipo na ubaya wake.

Ile wiki mama yako alipolazwa kwa mapafu, umeme wa nyumbani ulirudi kwa kishindo ukaunguza chaja yako iliyokuja na kishikwambi. Wewe ndiye uliyekuwa unamlinda wodini mchana, na kwa kuwa alikuwa amevishwa ile barakoa ya oksijeni, midomo yake hukuweza kuisoma. Alikuwa anasema Kiswahili chake cha kuhojiwa, kwa pumzi fupi fupi, kishikwambi kinaandika, unasoma, unamjibu. Bila hicho mlikuwa hamna njia. Nililijua hilo. Nikaagiza Mbeya kichwa cha kweli pamoja na waya wake, nikavipima, vikatoka safi. Nikavifunga kwenye karatasi ya kaki, nikaandika juu yake jina lako, nikaweka kwenye droo. Jioni nilikuwa nikuletee.

Asubuhi hiyo akaja mtu wa Katumba Songwe, mfanyabiashara wa kuvuka mto kwenda Malawi, ana simu kubwa mpya na mdomo mkubwa zaidi. Kichwa alichonunua kwangu mwezi mmoja kabla alikuwa amegundua kuwa ni cha uongo. Akajaribu cha kwanza, cha pili, cha tano, kila kimoja anatazama kioo cha simu yake na kutikisa kichwa. Benchi la nje lilikuwa limejaa watu. Akawageukia akasema:

"Jamani, hili duka la Mzee Shomari ni taa za sherehe. Kila kitu kinawaka, hakuna kinachofanya kazi."

Walicheka. Yule fundi redio alicheka mpaka akashika nguzo. Mmoja akadakia, "Muulize kama na yeye mwenyewe ni feki," wakacheka tena.

Ningeweza kuvuta boksi la kulia, lakini siku ile lilikuwa tupu. Nikavuta droo. Nikafungua kaki yenye jina lako mbele ya watu wote, nikasema, "Haya, chomeka hii." Simu yake ikaandika kwamba inachaji kwa kasi ya juu. Akakitazama kioo mara mbili. Benchi zima likainuka kuangalia, na mimi nikajisikia mtu. Akasema anakichukua. Hata hapo bado nilikuwa na nafasi, Tuse. Kulikuwa na sentensi moja fupi ya kusema, kwamba samahani, hii ni ya mwanangu. Sikuisema, kwa sababu wangesema naficha nzuri na kuwauzia mbaya, na wangekuwa wamepatia.

Jioni nikachukua kichwa cha boksi la kushoto, rangi ileile, pamoja na waya mwembamba, nikakifunga kwenye kaki ileile. Wodini ukakipokea kwa mikono miwili. Ukaniuliza kwa sauti yako, "Baba, hii ndiyo ile ya kasi?" Nikakichomeka, radi ikatokea. Nikakisogelea kishikwambi nikasema ndiyo. Kikaandika ndiyo, ukaisoma, ukaninyooshea dole gumba. Nilijiambia nitakubadilishia mzigo wa Mbeya ukija, siku mbili tatu tu.

Siku ya pili yake umeme ulikatika tangu asubuhi. Mchana ukarudi, ukakaa karibu saa nzima, ukakatika tena. Wewe unakumbuka saa ile kuliko mimi, mimi nilikuwa hapa nauza. Ninachokijua ni ulichonieleza. Kwamba kishikwambi kilikuwa kimezima. Kwamba soketi pekee iliyokuwa inafanya kazi ilikuwa chini, karibu na mlango, na waya ulikuwa unashika tu ukiukandamiza kwa kidole. Kwamba kiliwaka kwa asilimia tatu, ukafungua programu, kikazima. Ukasubiri, ukawasha, kikazima. Ulikuwa umechuchumaa pale, kidole kwenye waya, mgongo kwa mama yako, mpaka nesi alipokugusa bega. Ulipogeuka ulikuta kinywa chake kinachezacheza ndani ya barakoa. Halafu kikaacha.

Na yule nesi, mtoto wa watu kutoka Tanga, hakuweza kutusaidia. Alisema mama aliongea sana dakika zile, lakini aliongea kilugha.

Siku ya tatu ya msiba ulikuja kukaa karibu nami nyuma ya nyumba. Ukasema, "Baba, usiku wa kuamkia siku ile niliangalia video za wale wasichana wa lugha ya alama mpaka chaji ikaisha. Ningeziacha, ningesoma maneno ya mama."

Sikiliza hesabu yangu, nisamehe kwa neno sikiliza. Kichwa kile nilichompa mtu wa Katumba Songwe, kwa saa ile moja ya umeme, kingekujazia kishikwambi zaidi ya nusu, huku ukikitumia. Kichwa nilichokupa mimi kilikuwa kinatoa kidogo kuliko kinacholiwa na kioo na ile programu. Kwa hiyo kishikwambi kilikuwa kinawaka na kuzima, na kingewaka na kuzima mpaka kiama. Ungeangalia video usiangalie, ungekuwa na kichwa cha kweli kishikwambi kingewaka. Kosa halikuwa lako hata chembe. Nililijua hilo ulipokuwa unasema, neno kwa neno, nililijua. Nikakupigapiga begani. Ukadhani nimekusamehe.

Nimekuacha na mzigo huo mwaka wa pili sasa. Nimekuona huangalii tena video hata moja, hata za hao wasichana waliokuwa wanakuchekesha. Nimekuona ukitoka harusini kwa binamu yako kwenda kutafuta soketi kwa sababu kishikwambi kilikuwa kimeshuka mpaka asilimia themanini. Umeme ukikatika unaficha mikono kwapani. Mwezi uliopita barua ya chuo ilipofika ulimwambia shangazi yako kwamba huendi, kwamba mtu aliyesahau kuchaji siku mama yake anakufa hawezi kuaminiwa na kazi ya watu. Shangazi alinieleza akilia. Hata hapo nilichofanya ni kumwambia akubembeleze. Umekubali kwenda kwa sababu umebembelezwa na shangazi, na ungekwenda hivyo, na jiwe langu kifuani mwako, ukaishi nalo huko mpaka uzeeke.

Kuna jingine, na hili ndilo limenifanya nianze barua hii mara nne.

Miezi minane baada ya mazishi alikuja dukani mama mmoja wa makamo, anatembea kwa kujishikilia ukutani. Alitaka chaja ya simu ndogo. Nikaanza maneno yangu, akanikatisha kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kinyakyusa.

"Ndaga, baba. Wewe si mume wa yule mama wa kitanda cha dirishani?"

Nikasema ndiye.

"Mimi nilikuwa kitanda cha pili. Pole fijo, pole sana. Nimekuwa na neno la binti yako, sijui nimpate wapi." Akakaa kwenye kiti cha wateja. "Siku ile nilimkasirikia yule binti, baba, naomba anisamehe. Mama yake anamwita, yeye anacheza na waya. Nikapiga kelele, wewe binti, geuka! Hageuki. Nikasema, watoto wa siku hizi wana kiburi. Mimi nina dripu huku na mrija huku, siwezi kunyanyuka. Nikamwita nesi. Kumbe hasikii. Nimekuja kuambiwa mazishini kwa mtu, juzi tu, kwamba hasikii."

Nikamuuliza mama yako alikuwa anasemaje.

"Alikuwa anamwambia, mwanangu, acha huo waya. Njoo hapa uniangalie. Basi. Alirudia, alirudia. Acha huo waya, uniangalie."

Hayo ndiyo maneno ya mama yako, Tuse. Nimekaa nayo mwaka na ushei, na yalikuwa yako. Hakuwa na siri ya kukuachia wala wosia uliokupita. Nilikuwa nawaza labda alisema habari za shamba, au alinilaani. Alikuwa anataka umtazame. Hakuhitaji mashine kwa hilo. Na wewe ulikuwa umempa mgongo kwa sababu baba yako alikuwa amekupa kitu kinachowaka tu.

Nilifikiri kutokuambia hili la mwisho. Nilijiambia, mwambie tu kuhusu chaja, hilo lingine litamuua. Lakini hiyo ni akili ileile ya maboksi mawili, mimi ndiye ninayeamua nani apewe la kulia na nani la kushoto. Litakuuma. Sina dawa yake. Ninachoweza kukuambia ni kwamba ulikuwa unahangaika ili umsikie, na yeye alikuona unavyohangaika, na hakuna mama anayetazama mgongo wa mwanawe vile akafikiri hapendwi. Hilo naliamini, ingawa kuamini kwangu unajua sasa kuna thamani gani.

Usidhani nimekuwa mtu mwema baada ya hapo. Yule mama nilimpa kichwa cha boksi la kulia, nikamsindikiza mpaka barabarani. Wiki ile nikamwaga boksi la kushoto lote kwenye shimo la taka. Nikauza za kweli tupu kwa mwezi mmoja, wateja wakasema nimekuwa ghali, wakahamia kwa jirani. Mwezi wa pili nikaagiza katoni. Maboksi yote mawili yapo hapa, la kushoto limejaa mpaka juu, na kidole cha mguu wangu kinaligusa ninapoandika. Ningependa kukuambia kifo cha mama yako kilinibadilisha. Kilinivunja, lakini hakikunibadilisha, na nimegundua hivyo ni vitu viwili. Nyumba hii kuanzia kesho itakuwa na mtu mmoja anayejua alama nne na hana wa kumwonyesha hata hizo. Sioni nitakachokuwa. Nasema tu ukweli ulivyo, sikuombi unihurumie.

Kuhusu huko uendako, sina la kukufundisha ambalo sijalivunja mwenyewe. Ila nikikumbuka ile siku ya benchi, nilikuwa naogopa kuchekwa na watu ambao leo hata majina ya wawili wao siyakumbuki. Utakutana na siku ya namna hiyo. Utakuwa umechora mstari wa ramani mahali ambapo hukupima, na watu watakuwa wanasubiri, na itakuwa rahisi kuuacha. Huo mstari ni shamba la mtu. Sema hukupima. Watacheka, watakwenda kula chakula cha mchana. Na ukiona mtu mwingine amebeba lawama yako na amenyamaza, usiseme utamwambia kesho. Kila kesho inafanya sentensi iwe ndefu zaidi. Yangu siku ile wodini ilikuwa ya maneno matano, hapana, hii si ya kasi, leo imefika kurasa hizi zote.

Na umeme ukikatika huko Dodoma, ukatike. Kishikwambi kizime. Wewe hukusahau kitu siku ile.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa kuiweka barua hii chini kabisa ya begi, chini ya mashuka, uikute Dodoma, mimi nikiwa mbali na uso wako. Nilikuwa nimekwisha kuikunja kwa ajili hiyo. Nilipoisoma tena nikaona hata hapo nakuuzia ya boksi la kushoto.

Kwa hiyo nitakupa mkononi leo, ukirudi tu, kabla hujavua viatu vyenye tope. Ukitaka kuondoka usiku huu uende kwa shangazi yako, begi lako liko tayari mlangoni, nitalibeba mimi mpaka kwake na sitaingia ndani. Ukitaka kesho stendi nisije, sitakuja.

Lakini wakati unasoma nitakuwa nimekaa mbele yako. Nitakizima kishikwambi nikiweke mezani. Taa nitaiwasha upande wangu, uso wangu uonekane wote, na nitakuangalia mpaka ufike hapa. Sijawahi kufanya hivyo tangu ulipokuwa na miaka kumi na moja. Ukiinua macho, nisome.

Baba yako.